Kuacha fegi na vepu kwa meseji: mwongozo kamili kwa watu wa Mtwara na Lindi, hata mwenye kitochi

Mwaka jana kabla ya msimu wa korosho kuanza, shemeji yangu alishuka kutoka Newala akanikuta kibandani, mi ni fundi simu hapa Mtwara mjini, akaweka kitochi chake mezani akasema shemeji niwekee ile apu ya kuacha sigara, kuna kijana kule kwetu anayo na anasema inamsaidia. Nikamwambia simu hii haibebi apu. Akanyamaza, akatoa pakti mfukoni, akatoka nje kuvuta. Aliporudi nikamwambia kaa kwanza shemeji, mi mwenyewe nimevuta miaka 11 na nimeacha tangu 2021 baada ya kushindwa mara tatu, na katika kuhangaika kwangu nilisoma sana tafiti za mambo haya, na nilichokikuta ni kwamba hicho kitochi chako kinatosha. Tafiti zenye nguvu zaidi kuhusu simu na kuacha sigara zilitumia meseji za kawaida kabisa, hizi hizi unazotumiwa na mtandao kukumbushwa salio. Apu ndo bado zinatafuta ushahidi wake.

Hapa naandika yote niliyomwelekeza yeye, pamoja na ya mpwa wangu wa vepu, ile sigara ya umeme ya mvuke, ambaye kesi yake ilikuwa tofauti. Ni ndefu, isome taratibu, na kama unamsomea mtu mwingine basi msomee kipande kipande.

Kwanza elewa utafiti unasema nini

Usiruke hapa ukakimbilia hatua, maana ukielewa kwa nini kitu kinafanya kazi hata ukibadilisha kidogo huharibu.

Uingereza walifanya utafiti unaitwa txt2stop, matokeo yakatoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2011. Walichukua wavutaji 5,800 wanaotaka kuacha, wakawagawa mafungu mawili kwa bahati nasibu. Fungu moja likatumiwa meseji za kuwasaidia kuacha, la pili likatumiwa meseji tu ambazo hazihusu kuacha. Baada ya miezi 6 hawakuishia kuuliza umeacha au hujaacha, waliosema wameacha walipimwa mate kutafuta kotinini, yaani mabaki ya nikotini mwilini, kwa sababu mtu anaweza kukujibu nimeacha huku kipisi kiko mfukoni. Walioacha kweli kwenye fungu la meseji walikuwa asilimia 10.7, kwenye fungu la pili asilimia 4.9.

Sasa hiyo namba itafakari vizuri. Kati ya watu 100, kama 11 wakaacha badala ya 5. Ina maana wengi bado walishindwa, kwa hiyo asije mtu akakudanganya kuwa meseji ni dawa ya miujiza. Lakini ni zaidi ya mara mbili, kwa kitu ambacho mtu anapokea akiwa amekaa kwake. Na haikuwa bahati ya utafiti mmoja. Mwaka 2019 mtandao wa watafiti wa Cochrane ulikusanya tafiti 13 zenye watu zaidi ya 14,000, ukakuta walioacha kwa meseji ni kama mara moja na nusu ya walioacha kwa msaada mdogo au bila msaada kabisa. Kwenye mapitio hayo hayo, apu za simujanja hazikuonyesha faida ya wazi.

China nao walifanya wa kwao, unaitwa Happy Quit, ukatoka 2018, wavutaji 1,369. Huu naupenda kwa sababu moja. Waligawa watu mafungu matatu, kuna waliopata meseji 3 mpaka 5 kila siku, kuna waliopata 3 mpaka 5 kwa wiki, na kuna ambao hawakupata meseji za kuacha. Matokeo ya miezi 6: asilimia 6.5, asilimia 6.0, na asilimia 1.9. Yaani waliopata chache karibu walilingana na waliopata nyingi. Kwa sisi huku hiyo ni habari njema sana, maana mtu akikosa salio la kukutumia kila siku hujaharibikiwa, hata tatu kwa wiki zina kazi.

Tanzania tunazijua hizi huduma. Kina mama wengi wanakumbuka Wazazi Nipendeni iliyoanza 2012, mjamzito alikuwa anajiunga bure kwa simu yoyote, anatumiwa meseji za kliniki na lishe kulingana na umri wa mimba. Ni kanuni ile ile, neno sahihi linamfikia mtu wakati sahihi. Kwa sigara tutalitengeneza wenyewe, hatusubiri mtu.

Hatua ya kwanza: siku tatu za kuandika tu

Usiache bado. Siku tatu vuta kama kawaida lakini kila sigara unayowasha andika kwenye simu, fungua meseji uiache kwenye rasimu, andika saa, mahali, na ulikuwa na nani. Mfano: "12:40 asubuhi, kitandani, peke yangu." "4:15, kijiweni, kahawa." "Saa 2 usiku, baada ya ugali." Shemeji alipinga sana hapa, akasema anajua anavuta ngapi, akataja 8. Siku ya pili usiku tukahesabu 14.

Ukimaliza angalia vitu viwili. Cha kwanza, ya asubuhi unaivuta muda gani baada ya kuamka? Ikiwa ni ndani ya nusu saa basi mwili wako umeshikwa na nikotini kweli kweli, na ile sehemu ya dawa huko chini isome kwa makini. Cha pili, saa zipi zinajirudia. Hizo saa ndo utakazozitegea meseji. Watu wengi wanakosea wanatuma meseji saa yoyote, wakati arosto yako, yaani ile hamu kali, inakuja saa 4 kijiweni wewe unapata meseji ya kutiwa moyo saa 8 umelala.

Hatua ya pili: weka tarehe

Tarehe iwe ndani ya wiki mbili zijazo. Kwenye txt2stop walifanya hivyo hivyo, mtu akijiunga anapanga siku yake ndani ya wiki mbili. Ukisema mwezi ujao ujue hujaanza.

Watu wananiuliza nipunguze kidogo kidogo au nikate moja kwa moja? Kuna utafiti wa Uingereza wa 2016 uliolinganisha hayo mawili kwa watu 697, baada ya wiki 4 waliokata siku moja walioendelea bila sigara ni asilimia 49, waliopunguza kwa wiki mbili kabla ya kukata asilimia 39. Kwa hiyo kama unaweza, kata. Kupunguza nako kunasaidia wengine, ila mi mara zangu tatu nilizoshindwa zote nilikuwa "napunguza".

Sasa kalenda yetu ya kusini. Kama wewe ni mkulima usiweke siku yako ile wiki ambayo pesa za mnada zinaingia. Kuanzia mwezi wa kumi pesa ipo, mabibo yapo, uraka upo, watu wamekaa kwenye mikeka wanafurahi, na pombe ndo kitu kinachoangusha watu wengi kuliko vyote. Weka kabla, angalau wiki tatu kabla, ili siku zile ngumu za mwanzo ziwe zimeshapita. Wanaopuliza salfa kwenye mikorosho, ule msimu wa kupuliza wengi wana vifua vinabana, nimeona watu wakitumia hiyo kama sababu yao ya kuanza na imewafaa.

Na kuna Ramadhani. Hili naliamini sana ingawa ni maoni yangu mwenyewe: mvutaji anayefunga tayari anajua kukaa bila sigara kuanzia alfajiri mpaka magharibi, mwezi mzima, na hafi. Tatizo lake ni futari, maana wengine wanafungua kwa tende moja na sigara. Ukianza ndani ya Ramadhani meseji zako zote zihamie usiku: moja dakika tano kabla ya magharibi, moja baada ya tarawehe, moja saa ya daku. Mchana huhitaji nyingi.

Hatua ya tatu: tafuta mtu wa upande wa pili

Hii ndo roho ya mpango wote. Kule ng'ambo kompyuta ndo inatuma, sisi tunaweka mtu. Na hata kwenye txt2stop mvutaji aliweza kuomba aunganishwe na mwenzake anayeacha wakawa wanaandikiana.

Mtu wa kumchagua awe anayeshika simu muda mwingi, asiyekuwa mvutaji au aliyeacha zaidi ya mwaka, na asiwe mtu wa kukusema. Mke au mume anaweza lakini nimeona mara nyingi inageuka ugomvi, ukiteleza unaogopa kumwambia na ukishaanza kuficha mpango umekufa. Shemeji wa Newala mtu wake ni binti yake wa kidato cha pili, ana laini yake, anaandika vizuri, na mzee anaona aibu kumdanganya mtoto. Kwangu mimi alikuwa jirani yangu mama ntilie.

Mkubaliane mambo ya pesa wazi wazi: nani ananunua kifurushi cha meseji. Mvutaji ndo anunue cha wote wawili, ni pesa ndogo sana ukilinganisha na fegi. Piga hesabu yako: mtu wa sigara 12 kwa siku akinunua moja moja kwa 200 ni 2,400 kwa siku, 72,000 kwa mwezi, 876,000 kwa mwaka. Weka bei unayonunulia wewe upate yako.

Kama huna mtu kabisa, jitumie mwenyewe. Kwenye simujanja za Android, ile programu ya Messages ya Google ukibonyeza kitufe cha kutuma ukashikilia inakupa kupanga saa ya baadaye, unakaa Jumapili unapanga za wiki nzima. Kwenye kitochi nenda kwenye kalenda au kumbusho, andika ujumbe wako, weka saa, italia kama alamu na maneno yatatokea. Nimewawekea wateja wengi hivyo. Inasaidia, ila mtu anayejibu ni bora.

Hatua ya nne: andika meseji kabla siku haijafika

Kaeni wote wawili jioni moja muandike. Zisiwe za kutisha, picha ya mapafu meusi mvutaji ameshaiona na bado anavuta. Ziwe za kumwambia afanye nini sasa hivi. Ratiba ya txt2stop ilikuwa meseji 5 kwa siku kwa wiki 5, halafu 3 kwa wiki kwa wiki 26. Nyie mnaweza kufanya 3 kwa siku mwezi wa kwanza, kisha 3 kwa wiki mpaka miezi sita itimie. Msikatishe mapema, watu wanaanguka mwezi wa tatu wakidhani wameshapona.

Hizi ni baadhi tulizoandika, zichukue uzibadilishe jina:

"Umeamka salama baba? Kunywa maji, piga mswaki, kaa nje kidogo. Ukimaliza niandikie SAWA."

"Saa ya kijiwe imefika. Ukienda kaa upande wa bao, kahawa kikombe kimoja. Wakikupa sigara sema nimeacha, usiseme nitavuta baadaye."

"Leo siku ya pili. Ile hewa chafu ya moshi kwenye damu imeshapungua, kichwa kuuma ni kawaida, lala mapema."

"Wiki nzima leo. 16,800 iko kwenye kopo. Nimeihesabu mwenyewe."

"Pesa ya korosho imeingia. Kama leo utakunywa, nipe namba ya Halima nimpigie akurudishe saa mbili. Kama hutakunywa niandikie SINYWI."

Umeona ilivyo, kila moja ina saa, mahali, na kitendo. Ukiandika "jitahidi utaweza" hiyo haimpi mtu cha kufanya. Watafiti wa tabia wameonyesha miaka mingi kuwa mtu aliyepanga mapema kwamba "ikitokea hivi nitafanya vile" anatekeleza zaidi kuliko aliyepanga tu kuwa atajitahidi. Kwa hiyo kwenye meseji zako weka "ikiwa" na "basi" nyingi kadri uwezavyo.

Kwa mzee asiyesoma, au bibi yako anayenusa ugoro au anayeweka kuberi mdomoni, maana hiyo nayo ni nikotini ile ile, tumia sauti. Piga simu dakika moja, au mjukuu mwenye simujanja apokee sauti ya WhatsApp amfungulie asikie. Wavuvi wa Mikindani, Msangamkuu na Kilwa wao baharini hamna mtandao na usiku baridi inavutisha, basi meseji ya kwanza iwe kabla ya kushusha chombo, na nyingine mbili ziandikwe kwenye karatasi zitiwe nailoni pamoja na tangawizi iliyokatwa.

Hatua ya tano: maneno mawili ya dharura

Txt2stop walikuwa na kitu kizuri, mvutaji akizidiwa anatuma neno moja tu na anajibiwa hapo hapo. Moja lilikuwa la hamu, lingine la kuteleza. Sisi tumeweka AROSTO na NIMETELEZA. Mkubaliane kuwa ikija moja kati ya hizo, mtu wa upande wa pili anaacha anachofanya anajibu, hata kwa bipu.

Ikija AROSTO jibu ni hili: "Angalia saa. Tembea mpaka kwenye ule mwembe urudi, kunywa maji kidogo kidogo, tafuna tangawizi. Zikipita dakika tano niandikie." Hamu ya sigara inapanda kama wimbi na inashuka ndani ya dakika chache hata usipovuta, na wengi hawajui kwa sababu hawajawahi kusubiri iishe. Dakika tano za kwanza ukizivuka mara tatu nne, mwili wenyewe unaanza kuamini.

Ikija NIMETELEZA jibu ni: "Moja haijafuta siku zako 9. Zilizobaki tupa sasa hivi chooni, usimalizie pakti. Ulikuwa wapi na nani?" Hapo usimgombeze. Binti wa shemeji alimjibu baba yake hivyo hivyo neno kwa neno siku ya kumi, mzee akiwa msibani Kitangari ambako kila mtu anavuta, na mzee alirudi kwenye mstari siku hiyo hiyo. Kisha wakaandika meseji mpya ya msiba, maana huku kwetu misiba haiishi na kukaa matanga siku tatu na wavutaji ni mtihani mkubwa.

Siku za mwanzo zenyewe

Siku 3 za kwanza ndo kali, halafu inaendelea kupungua kwa wiki 2 mpaka 4. Utakuwa na hasira, usingizi utakatika, utakula sana, kikohozi kinaweza kuongezeka kidogo. Waambie nyumbani mapema.

Kitu ambacho karibu hamna anayekisema ni kahawa. Moshi wa sigara unafanya ini lisafishe kafeini haraka. Ukiacha, ini linarudi taratibu, na vikombe vile vile vitatu vya kahawa chungu ulivyozoea vinakaa damuni muda mrefu zaidi. Unatetemeka, moyo unakwenda mbio, hulali, unadhani ni sigara inakudai kumbe ni kahawa. Kata kahawa kwa nusu kuanzia siku ya kwanza. Kwa sababu hiyo hiyo ya ini, kama unatumia dawa za magonjwa ya akili au dawa fulani za pumu mwambie daktari wako kabla ya kuacha, dozi inaweza kuhitaji kurekebishwa.

Toa viberiti, vyungu vya majivu, fua shati la kazi. Kama ni bodaboda badilisha kijiwe cha kusubiria abiria wiki mbili tu, najua una namba yako pale lakini wiki mbili tu.

Vepu ni habari nyingine

Mpwa wangu alirudi likizo kutoka chuo Dar na kale kadude kanakonukia embe. Kwake yeye hakuwa mvutaji, alisema mjomba hii ni mvuke tu. Nikamwonyesha maandishi pembeni ya kifaa, nikotini asilimia 5. Hiyo ni miligramu 50 kwa kila mililita moja ya kile kimiminika, ni kali. Na sigara angalau ina mwisho, ikiisha umeizima, vepu haina mwisho, anavuta akiwa kitandani, chooni, kwenye gari la kwenda Masasi, hamna wa kumwambia basi.

Kwa vepu utafiti mkubwa umefanywa Marekani, huduma ya meseji iliyoanza 2019 kwa jina la This is Quitting, ya shirika la Truth Initiative. Vijana 2,588 wa miaka 18 mpaka 24 walishiriki, matokeo yakatoka 2021: baada ya miezi 7 waliopata meseji walioacha ni asilimia 24.1, ambao hawakupata ni asilimia 18.6. Wakarudia kwa wenye miaka 13 mpaka 17, walikuwa 1,503, ikatoka 2024: asilimia 37.8 kwa 28.0. Ukisoma hapo utaona vijana wengi wanaacha hata bila msaada, meseji zinaongeza juu yake. Pia hapa wametegemea majibu ya vijana wenyewe, kwa hiyo usilinganishe moja kwa moja na zile namba za Uingereza za kupima mate. Ila aliyepotea bila kujibu alihesabiwa kuwa bado anavuta, na hiyo ni haki, maana ukihesabu waliojibu tu kila mpango utaonekana mzuri.

Huduma ile huwezi kujiunga ukiwa Mtwara. Ila siri yake unaweza kuichukua: meseji zake zimechanganywa na maneno ya vijana wengine waliopitia, na inampokea hata ambaye hajawa tayari kuacha. Kwa hiyo mpwa sikumwandikia mimi, mjomba wa miaka 40 atamwambia nini. Aliandikiana na rafiki yake wa chuo aliyeacha.

Njia aliyopita ni hii. Wiki ya kwanza hakuacha, aliondoa sehemu: hamna vepu kitandani, hamna chooni, hamna ukiwa unasoma. Ikabaki nje tu na kwa saa maalum. Wiki ya pili na ya tatu akashuka kutoka asilimia 5 kwenda 2. Wiki ya nne akakata. Kwa wengine kukata siku moja ni rahisi zaidi, jaribu unayoiweza. La kushika ni usirudi kwenye sigara ili kuacha vepu, hapo umeruka mkojo umekanyaga mavi. Na kifaa chenyewe usikitupe kwenye shimo la taka linalochomwa, nasema kama fundi, ndani yake kuna betri ya lithiamu na ikipata moto inalipuka, watoto wanacheza pale. Lete kwa fundi simu yeyote aitoe.

Dawa na hospitali

Meseji na dawa pamoja ni bora kuliko kimoja. Mwezi wa saba 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa matibabu ya kuacha tumbaku, likapendekeza bidhaa za nikotini kama bazoka na bandiko, vareniklini, bupropioni na sitisini, pamoja na ushauri, na likasema meseji na apu vinaweza kuongezwa hapo. Bazoka na bandiko ziko kwenye orodha ya dawa muhimu ya shirika hilo tangu 2009, vareniklini na bupropioni tangu 2021. Ila kuwa kwenye orodha na kuwa kabatini ni vitu viwili, mi famasi za mtaani nilizozunguka sikuzikuta, nikaagiza bazoka Dar. Anza kwa kumuuliza daktari wa hospitali ya Ligula ukiwa Mtwara au ya Sokoine ukiwa Lindi, useme wazi unavuta ngapi na ya kwanza unaivuta lini. Vareniklini na bupropioni usinunue bila daktari, hasa mwenye historia ya kifafa, bupropioni haimfai kabisa. Na ukiwa na kikohozi cha wiki mbili au zaidi kapime TB, usiseme ni sigara tu.

Wenye simujanja na hamu ya apu

Sisemi apu hazifai zote. Kuna iCanQuit, ilijaribiwa Marekani kwa watu 2,415 dhidi ya apu nyingine ya QuitGuide, matokeo 2020, baada ya mwaka mmoja walioacha ni asilimia 28.2 kwa 21.1. Inafundisha kuikubali hamu ije ipite bila kupigana nayo, badala ya kuikimbia. Lakini nyingi zilizojaa dukani ni za kuhesabu siku na pesa tu, tena kwa Kiingereza, zinamaliza bando, na mtu akizipakua wiki mbili amezisahau. Kama unataka, chagua inayokupa la kufanya hamu ikija, inayofanya kazi bila bando, isiyokuomba majina ya kwenye simu yako yote. Na mtu wa meseji abaki pale pale.

Mwezi wa pili mpaka wa sita

Punguzeni ziwe tatu kwa wiki. Ijumaa moja, siku ya gulio au mshahara moja, na moja ya kuvizia siku yoyote. Kila mwisho wa mwezi mtu wa upande wa pili aulize swali moja tu: siku 7 zilizopita umevuta hata pafu moja? Watafiti nao wanauliza hivyo hivyo. Andikeni jibu kwenye daftari. Ikiwa ndiyo, rudini kwenye tatu kwa siku kwa wiki mbili. Ikiwa umerudi kuvuta kabisa, weka tarehe mpya ndani ya siku 14 na meseji ni zile zile, hamna haja ya kuandika upya, ongeza tu ya mahali ulipoangukia.

Shemeji alimaliza miezi yake sita mwezi wa pili mwaka huu, msimu wote wa minada ukiwa umepita katikati. Binti yake alimuuliza aache kutuma, akamjibu ya Ijumaa iendelee.